Saa ya kubadilishana zamu: kisa cha mbwa mmoja na kuku kumi na watatu

Simu iliingia saa moja na robo asubuhi, Jumamosi. Aliyepiga ni mwalimu mstaafu anayeishi pembezoni mwa Morogoro, mteja wangu wa siku nyingi. Wiki sita kabla ya hapo nilikuwa nimewachanja kuku wake chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza. Hakunisalimu. Alisema tu, "Daktari, Simba kamaliza kuku," na nyuma yake nikasikia mtoto analia. Simba ni mbwa wake.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila kumtaja jina, kwa sababu naitwa mara nyingi kwenye nyumba zinazofanana na hii. Ua mmoja, mbwa wa ulinzi, kuku wa mayai na wa mboga. Mbwa anaua kuku, anapigwa au anauawa, analetwa mwingine, na mwaka haujaisha naitwa tena. Nimefika mahali naamini kwamba mara nyingi tunamhukumu mbwa kwa kosa la ratiba.

Nilichokikuta

Ua una mita 20 kwa 30. Pande tatu zina ukuta wa matofali, upande wa nne ni michongoma. Banda la kuku liko kona ya nyuma, na la mbwa liko hatua chache kutoka hapo, yanatazamana mlango kwa mlango. Kuku walikuwa 26, wa kienyeji kwa chotara. Nilihesabu mizoga 11. Wanne walikuwa hai lakini wameumia. Waliosalia tuliwapata juu: kwenye mwembe, kwenye paa la stoo. Mtetea mmoja alijibana nyuma ya pipa la maji na hakutoka mpaka saa nne.

Kabla sijagusa chochote niliomba kadi za chanjo za mbwa. Watu hushangaa nikianza na hilo, lakini mbwa aliyebadilika ghafla lazima kwanza umfikirie kichaa cha mbwa. Kadi zilikuwepo, mbwa wote wawili wamechanjwa miezi saba nyuma. Simba alikunywa maji vizuri mbele yangu, alikuja alipoitwa, hakuwa na udenda, na wiki zile hakuwa ametoroka wala kupigana na mbwa wa nje. Niliagiza atazamwe siku kumi hata hivyo, nikarudi kwenye mizoga.

Wawili wa kwanza walikuwa hatua tatu kutoka mlango wa banda lao. Watatu walikuwa migombani, kila mmoja peke yake. Sita walirundikana kwenye kona ambapo ukuta unakutana na michongoma, mmoja juu ya mwenzake. Majeraha yalikuwa mgongoni, shingoni na kwenye maungio ya mbawa. Manyoya yalitapakaa kwa mistari, kuonyesha njia alizopita kila kuku akikimbia. Hakuna aliyeliwa, isipokuwa mmoja wa migombani aliyefumuliwa tumbo. Huyo nitamrudia.

Mbwa mwenye njaa hukamata mmoja, akajitenga naye, akala. Huyu alikimbiza, akauma, akaacha, akakimbiza mwingine. Uwindaji wa mbwa ni mlolongo wa vitendo: kukaza macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua, kupasua, kula. Wengi wa mbwa tunaowafuga wamebaki na vipande tu vya mlolongo huo, na kipande kilichobaki na nguvu kuliko vingine ni kukimbiza. Kinachokiamsha ni mwendo. Kuku mmoja anayepiga mbawa na kupiga kelele anatosha. Kuku ishirini na kitu wakitawanyika kwa mpigo, mbwa hana nafasi ya kushiba mchezo, maana kila anapomwachia mmoja mwingine anapita mbele ya macho yake. Ndiyo maana walionusurika ni waliopanda juu, na yule mmoja aliyekaa tuli nyuma ya pipa.

Dakika ishirini na tano

Nyumba nyingi za mjini kwetu huishi kwa zamu mbili ndani ya ua mmoja: usiku ni wa mbwa, mchana ni wa kuku. Hapa kwa mwalimu mbwa walifunguliwa saa nne usiku na kufungiwa saa 12 alfajiri. Kuku walifunguliwa saa 12 na nusu. Kufungia mbwa ilikuwa kazi ya kijana wa kazi. Kufungulia kuku ilikuwa kazi ya mjukuu, mtoto wa miaka 13.

Ijumaa jioni kijana alipata habari za msiba kwao Kilosa, akaondoka na gari la mwisho. Bibi alijua. Babu, yaani mwalimu, alijua. Kila mmoja alidhani mwenzake atawafungia mbwa asubuhi. Mjukuu alikuwa amelala kijana alipoondoka, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alfajiri akafungua kuku kama siku zote, akarudi ndani kujiandaa na masomo ya ziada. Babu alisikia kelele kutoka kitandani, akadhani majogoo wanapigana. Bibi alipotoka kuwasha jiko ilikuwa saa 12 na dakika 55.

Nilimkuta mtoto ameketi kwenye ngazi ya jikoni. Alinipa shikamoo bila kuinua uso. Nikaitikia, nikakaa naye. Akasema, "Mimi ndiyo nimewaua kuku wa bibi." Nilimwambia ukweli, kwamba alifanya kazi yake kwa saa yake, kilichokosekana ni mtu wa kufanya kazi inayotangulia ya kwake. Nilitaka bibi na babu walisikie hilo, na walilisikia, kwa sababu babu alikuwa amesimama mlangoni.

Ishara zilikuwepo kabla. Wiki tatu nyuma tembe mmoja alipoteza manyoya yote ya mkia alipopita karibu na banda la mbwa. Simba alimvuta kupitia nafasi za mbao. Ikachukuliwa kuwa utani. Kisha nikaingia ndani ya banda la mbwa. Upande unaotazama kuku, sakafu ya udongo ilikuwa imechimbika njia, kutoka ukuta hadi ukuta, na mbao za usawa wa pua zimetafunwa. Huyu mnyama alikuwa akifungiwa saa kumi na sita kila siku, mchana kutwa akiwatazama kuku wakichakura hatua chache kutoka alipo, huku hawezi kuwafikia. Kila siku hamu inaongezwa, haimaliziki. Ukimfungulia mlango mbwa wa namna hiyo kuku wakiwa nje, huhitaji kuuliza kitakachofuata.

Na kulikuwa na sikukuu. Kuku walichinjwa palepale mbele ya banda la mbwa, kwa sababu bomba la maji liko hapo, na vichwa vilirushwa ndani wakati kuku bado anatapatapa. Siwakatazi watu kumpa mbwa vichwa na miguu, ni chakula. Lakini vichemshwe, vipoe, viingie kwenye bakuli lake jioni, naye asione vinakotoka. Mifupa itolewe vikishaiva, maana iliyopikwa inavunjika vipande vikali vinavyotoboa matumbo.

Mbwa wawili

Simba ana miaka mitatu, chotara wa German Shepherd. Mwenzake ni Popi, jike la kienyeji la miaka minane. Popi alizaliwa chini ya uchaga wa kuku wa nyumba ileile. Alifumbua macho akiwa na kuku. Kuna kipindi katika utoto wa mbwa, takriban kuanzia wiki ya tatu hadi ya 14, ambapo akili yake inaandika nani ni wa nyumbani. Kuku wa mwalimu waliandikwa humo na Popi, tena kwa kudonolewa pua na mitetea wenye vifaranga. Simba alinunuliwa akiwa na miezi mitano, kutoka ua wa saruji usio na ndege hata mmoja. Kwake kuku aliingia akiwa tayari ni kitu kinachokimbia.

Hii haimfanyi Popi kuwa malaika. Sharubu zake zilikuwa na damu, na nina hakika moyoni, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba yule wa migombani aliyefumuliwa tumbo alifumuliwa na yeye, baada ya kumkuta amekufa. Kumla kuku aliyekufa na kumuua aliye hai ni mambo mawili tofauti kwa mbwa. Lakini nilimwambia mwalimu asimwache Popi bila macho wiki zile, kwa kuwa mbwa wawili wakisisimka pamoja kila mmoja hufanya asichofanya akiwa peke yake.

Babu aliniuliza swali zuri: "Mbona tunasikia huko nje mbwa wanalinda kuku?" Ni kweli. Kwenye kisiwa kidogo cha Middle Island, karibu na mji wa Warrnambool nchini Australia, mbwa aina ya Maremma walianza mwaka 2006 kulinda pengwini wasiliwe na mbweha, na wazo hilo lilitoka kwa mfugaji wa kuku wa huko aliyekuwa akitumia mbwa hao shambani kwake. Lakini Maremma wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi ile hamu ya kukimbiza ikafifia, na bado hulelewa na mifugo tangu utotoni. Nikamwambia wazi: mzee, Simba hatakuwa mlinzi wa kuku kamwe. Atakuwa mlinzi mzuri wa nyumba yenye kuku, ukimpa mpangilio.

Ushauri wa majirani

Mpaka saa tatu ua ulikuwa umejaa watu. Mmoja alisema mzoga ufungwe shingoni mwa mbwa mpaka uoze. Mwingine alisema apigwe na kuku huyohuyo aliyemuua. Wa tatu akashauri sumu, maana mbwa akishaonja damu haachi.

Niliwajibu kwa upole lakini sikuacha hata moja lipite. Mbwa anayepigwa saa mbili baada ya tendo haunganishi fimbo na tendo; anaiunganisha na aliyemshika, au na kuku aliye mbele yake, na kesho anakuwa na sababu mpya ya kumchukia kuku. Mzoga shingoni unamzoesha harufu na kumletea funza. Sumu inaua na paka wa jirani, na kunguru, na siku moja mtoto. Tena Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa. Kuhusu kuonja damu: alichoonja Simba ni mbio, na hamu ya mbio inapatiwa njia.

Majeruhi na mizoga

Jeraha la jino la mbwa linadanganya. Juu ya ngozi unaona tundu dogo. Chini yake nyama imesagika, maana jino huingia na taya hutikisa. Nilikata manyoya kuzunguka kila jeraha, nikasafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kidogo kwenye nusu lita, nikamwagia mpaka yatoke safi. Nikawapa sindano ya kuua bakteria. Mayai yao hayakuliwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa. Waliwekwa kwenye boksi, kila mmoja lake, mahali penye kiza na joto, mbali na inzi. Kuwatenga ni lazima: kuku wakiona damu kwa mwenzao humdonoa hadi kumuua. Wawili walipona. Mmoja alikufa usiku wa kwanza, na mwingine, ambaye jeraha lake lilikuwa dogo kuliko yote, alikufa usiku wa pili. Nilipompasua nilikuta ubavu umevunjika. Jumla ikawa 13 waliokufa, 13 waliobaki.

Mizoga ilizikwa shimo la mita moja, chokaa juu. Ipo tabia ya kuwapa mbwa mizoga "isipotee bure", nami naipinga. Kuku wakifa kwa mdondo, mbwa anayeburuta mzoga ua hadi ua anasaidia kuusambaza, na hakuna nyumba inayoweza kumfundisha mbwa kutofautisha kuku aliyekufa kwa ugonjwa na kuku aliyelala kivulini.

Ufunguo nyuma ya mlango

Kazi kubwa ilikuwa hapa, na nilitumia muda wangu mwingi hapa kuliko kwenye sindano. Kumwambia mtu "muwe makini" si tiba. Siku ya msiba, ya ugonjwa, ya mgeni, umakini ndio wa kwanza kuondoka.

Tulifanya hivi. Banda la kuku likapata kufuli lenye ufunguo mmoja tu unaotumika. Wa akiba anao bibi chumbani. Ufunguo huo unatundikwa msumarini, kwenye uso wa nje wa mlango wa banda la mbwa. Usiku mlango huo unakuwa wazi, umeegeshwa ukutani na kufungwa kwa ndoana ili mbwa waingie na kutoka. Ukiwa hivyo, ufunguo uko katikati ya mlango na ukuta, mkono haufiki. Anayetaka kuwafungulia kuku lazima kwanza aushike mlango wa mbwa na kuufunga. Akiushika mlango, swali linajileta lenyewe: mbwa wako ndani? Juu ya msumari mjukuu aliandika kwa rangi nyeupe: WAWILI.

Jioni mambo ni kinyume. Kuku hurudi wenyewe giza linapoingia, kwa kuwa hawaoni vizuri usiku, lakini kila siku kuna mkaidi anayetaka kulala mwembeni. Idadi inaandikwa kwa chaki mlangoni, mtu anahesabu kwa sauti, na mbwa hawafunguliwi mpaka idadi itimie. Anayefunga jioni na anayefungua asubuhi ni mtu mmoja, na akisafiri anamkabidhi mtu mmoja kwa jina, mbele ya wengine.

Wavu wa banda la kuku nao ulibadilishwa. Ule mwembamba wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku kutoka, haumzuii mbwa kuingia. Meno na kucha vinaukunjua. Tuliweka wavu wa chuma uliochomelewa, na chini tukaulaza kuelekea nje kama sentimita 30, tukaufukia, ili mbwa anayechimba ukutani akutane na chuma. Upande wa banda la mbwa unaotazama kuku ukazibwa kwa bati hadi kimo cha kifua cha mtu, hewa ikabaki juu. Hilo bati lilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Siku ya nne Simba alikuwa analala mchana, jambo ambalo familia haikuwahi kuliona.

Na akapewa mbio. Kijana aliporudi kutoka msibani, kila alfajiri kabla ya kumfungia alimtoa kwa kamba nusu saa barabarani. Bakuli la chakula lilihamishiwa ndani ya banda na kuondolewa likiisha, kwa sababu mabaki ya ugali na dagaa huwavuta kuku hadi puani mwa mbwa, na hapo hata mbwa mpole kama Popi anaweza kuuma kutetea sahani yake.

Wiki sita za dagaa

Mafunzo aliyafanya mjukuu mwenyewe, dakika kumi kwa siku, babu ameshika kamba ya pili. Kuku ndani ya wavu, Simba nje. Tulitafuta kwanza umbali ambao anawaona lakini bado anamsikia mtu. Kwake ulikuwa mita 12. Akikaribia zaidi masikio yanasimama, mdomo unafungwa, mwili unakuwa mti, na hapo hakuna neno linaloingia. Kwa hiyo mita 12. Akiwatazama kuku, mtoto anasema "acha". Akigeuza kichwa, hata kidogo, anapata dagaa mkavu. Asipogeuza, wanarudi nyuma hatua mbili, bila kelele wala kuvutana.

Wiki ya tatu walifika mita tano, wakajiamini, na jogoo mmoja akarukia wavu kwa kishindo. Simba alichomoka, mtoto akaanguka na kuchubuka goti. Wakanipigia simu wamekata tamaa. Niliwarudisha mita 12 wakaanza upya, na safari hii walifika mita tano kwa siku nne tu. Wiki ya sita alitembea na kamba mita tatu kutoka kwenye wavu, akimtazama mtoto usoni. Nikawapongeza, nikawaambia pia kwamba kamba haitoki kamwe kuku wakiwa karibu.

Jambo moja nililigundua kwa bahati wakati wa kumpapasa masikio. Kingo zake zilijaa viroboto weusi, wale wasiorukaruka, wanaojichimbia ngozini na kubaki palepale. Nikawatazama kuku: hao hao, kwenye vilemba na kuzunguka macho. Kiroboto huyo hachagui kati ya kuku na mbwa, na mayai yake huangukia udongoni, hivyo kutibu mnyama mmoja ni kupoteza fedha. Tulitibu wote, kila mmoja kwa dawa yake; ya mbwa haipakwi kuku wanaotaga. Maranda ya banda yakachomwa, sakafu ikafagiliwa mara mbili kwa wiki mwezi mzima.

Mwezi wa nne nilipita kuwachanja tena mdondo. Chaki mlangoni ilisema 22, tisa kati yao vifaranga. Ufunguo ulikuwa msumarini. Simba, nyuma ya bati, aliinua kichwa niliposalimia, akakilaza tena. Kilichobaki ni upande wa michongoma, ambako mbwa wa mtaani bado wana tundu la kupitia. Babu ameshashusha tripu mbili za tofali, na mtetea wa kwanza ameshaanza kutaga humo.